Bomba na Kitanda: Mwongozo kwa Anayetumia, Kabla Arosto Haijaingia

Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawaifuati taa. Mitumbwi inavutwa mchangani, na kwa siku kadhaa mwalo mzima unabaki na watu wenye hela mfukoni wasio na kazi ya usiku. Aliyeishi mialo ya huku, iwe Igombe, Kayenze au visiwani Ukerewe na Kome, anajua siku hizo zinavyokwenda: gongo, bangi, kete za unga (heroini) kwa waliozizoea, na nyumba za wageni zinajaa kabla jua halijazama. Mimi nilikuwa humo miaka minne. Nilianza kwa kuvuta, nikaishia kujidunga. Leo ni mwelimishaji rika hapa Mwanza, na kila asubuhi kabla ya kazi nakunywa dozi yangu ya methadoni, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya unga.

Namwandikia ambaye bado anatumia. Hujaacha? Sawa, endelea kusoma.

Vipeperushi nilivyopewa enzi hizo vilikuwa vya aina mbili. Kimoja cha sindano, kingine cha ngono, utadhani wanaongea na watu wawili. Kijiweni kwetu alikuwa mtu yuleyule. Uliyechangia naye bomba la sindano jioni ndiye uliyelala naye usiku, au ndiye aliyelala na mwingine ili kete ya jioni ipatikane. Ndiyo maana nitakwenda na mkondo wa siku yenyewe, na karibu kila hatua utaniona narudia jambo lilelile: lipange wakati kichwa kimetulia. Arosto, ile hali ya mwili kuteseka ukikosa unga, ikishaingia, hakuna anayetafuta kondomu.

Hatua ya kwanza: funga kimfuko chako mapema

Saa nzuri ya kuandaa ni ile baada ya kutumia, mwili ukiwa umetulia, siyo asubuhi unapoamka na miayo na jasho la baridi. Chukua kimfuko kidogo cha zipu. Weka mabomba mapya, moja kwa kila mara utakayojidunga hadi kesho, na zidisha mawili. Weka maji ya sindano yale ya chupa ndogo kutoka duka la dawa, pamba safi, kizibo chako mwenyewe cha kuchanganyia unga, kondomu zisizopungua sita, na vilainishi vya maji.

Kondomu za bure zipo kwenye zahanati na vituo vya afya, na mwelimishaji rika yeyote anayejua kazi yake hatembei bila nazo. Usizibebe mfuko wa nyuma wa suruali wala kuziacha karibu na injini ya boti, joto linaziua. Nimeona mwaloni wavuvi wakifungia simu kwenye kondomu zisilowe. Siwalaumu, simu ni ghali. Ila chukua za simu, na za kazi yake chukua pia.

Jambo moja dogo lililoniokoa mara nyingi: weka alama kwenye bomba lako. Mimi nilifunga kipande cha uzi wa wavu, wa bluu, chini kidogo ya kishikio, mafundo mawili. Kwenye chumba chenye mshumaa mmoja na watu wanne, mabomba yote yanafanana. Lenye uzi wa bluu lilikuwa langu, na kila mtu alijua.

Hatua ya pili: bomba

Bomba jipya kila unapojidunga, na la kwako peke yako. Hiyo ndiyo kanuni, lakini najua mnavyochanga. Kete moja, watu watatu, inachanganywa kwenye kizibo kimoja, halafu inagawanywa kwa kuhesabu mistari ya bomba. Hapo wengi wanajidanganya: "Mbona kila mtu ana sindano yake?" Kama bomba moja lililokwisha kutumika ndilo lililochota na kugawa, au kama kizibo, pamba na maji ni vya wote, damu imeshapita kwa wote. Virusi vya homa ya ini aina ya C vinaweza kukaa hai ndani ya bomba kwa wiki kadhaa. VVU navyo havifi dakika ileile damu inapotoka mwilini. Ile iliyojificha ndani ya bomba haikauki upesi.

Mkilazimika kuchanga, gawaneni unga ukiwa mkavu, kabla ya tone la maji. Kila mtu achukue fungu lake, akalichanganye kwenye kizibo chake, kwa maji yake. Inachukua dakika mbili zaidi na inaudhi, hasa kwa mwenye arosto, ndiyo maana nasema mkubaliane mapema.

Maji ya ziwa hapana. Yanaonekana safi ukiyachota alfajiri mbali na ufuko, lakini humo kuna vijidudu vinavyopeleka usaha kwenye damu na hata kwenye moyo. Kama maji ya sindano yamekosekana, chemsha maji, yafunike yapoe.

Na ukikwama kabisa, hakuna bomba jipya popote? Vuta badala ya kujidunga siku hiyo. Ukishindwa hata hilo, suuza bomba mara kadhaa kwa maji safi, vuta dawa ya klorini ya kufulia isiyochanganywa na maji, itikise, iache dakika mbili, imwage, halafu suuza tena kwa maji mapya. Hii inapunguza hatari ya VVU, haiiondoi. Kwa homa ya ini C usiitegemee.

Sasa nizungumze na akina dada, na wanaume wao wasikilize. Katika wawili wapendanao, mara nyingi mwanamume ndiye anayechoma kwanza, kisha anamchoma mwenzake kwa bomba lilelile, na wote wanaita hayo mapenzi. Dada, jifunze kujichoma mwenyewe au simama kwenye neno moja: "Lako lako, langu langu." Mwaka 2005 watafiti waliandika kuhusu desturi iliyoonekana Dar es Salaam, ya mtu aliyekwisha kujidunga kuvuta damu yake na kumpa rafiki mwenye arosto aichome, eti imebeba unga. Unga uliomo humo ni kidogo mno, hautulizi kitu. Virusi vinavyohitajika kuambukiza, hivyo vinatosha. Ukisikia mtu anaita hiyo msaada, mkatalie.

Wewe unayevuta tu, bangi au kokteli ya bangi na unga, usiiruke sehemu hii kwa kujiona uko salama. Kitanda bado kinakuhusu, na chumba kilichofungwa madirisha mkivuta watu sita kinakuhusu zaidi kwa TB.

Hatua ya tatu: kitanda

Unga unachelewesha mshindo. Pombe inaleta uzembe. Vumbi la Kongo linalouzwa vichochoroni, sijui wanachanganya nini, lakini wanaolitumia wanalitumia ili wasisikie na wachelewe. Yote matatu yanaishia pamoja: tendo la muda mrefu, ukavu, michubuko, na mpira unaopasuka. Dawa yake ni vilainishi vya maji, na kubadilisha kondomu kama shughuli imekuwa ndefu. Mafuta ya kujipaka, mafuta ya nazi, mafuta ya kupikia: yote yanaharibu mpira kwa dakika chache. Kwa ngono ya njia ya nyuma, awe mwanamke au mwanamume, vilainishi ni lazima, kwa kuwa ngozi ya huko ni laini na hatari ya VVU ni kubwa kuliko mbele.

Kondomu ya kike haisifiwi vya kutosha. Unaweza kuivaa saa kadhaa kabla, kichwa kikiwa kizuri, na zile za kisasa haziharibiwi na mafuta. Kwa dada anayejua jioni atakuwa amelewa au ana arosto, hiyo ndiyo kinga inayoweza kuwekwa kabla akili haijaondoka.

Kwa anayeuza mwili, na nasema bila kumhukumu kwa sababu nimekaa na wengi: maliza mazungumzo ya bei na ya mpira kabla ya kuingia chumbani. Omba hela, usikubali kulipwa kete. Anayekulipa kete anataka uitumie kwanza, na ukishaitumia hutakuwa na nguvu ya kubishana. Mteja akiongeza dau ili muache mpira, jibu nililolisikia kwa dada mmoja pale Kirumba lilikuwa fupi: "Hela yako naitaka kaka, lakini bila mpira nitaila kwenye dawa." Mwachie mwenzako jina la nyumba ya wageni na namba ya chumba. Hilo halina uhusiano na virusi, lina uhusiano na kurudi nyumbani.

Kama kukwepa ngono bila kinga ni vigumu katika maisha yako ya sasa, uliza kuhusu PrEP, vidonge vya kumeza kila siku kwa asiye na VVU. Havilindi siku ya kwanza. Muulize mhudumu usubiri siku ngapi. Na vinazuia VVU peke yake, kisonono hakivijui.

Hatua ya nne: saa 72

Mpira umepasuka. Umechomwa kwa bomba la mtu. Umebakwa. Saa inaanza kuhesabu hapo hapo, na una saa 72 za kuanza PEP, dawa za kuzuia VVU visishike. Kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi. Zinamezwa siku 28 bila kuruka. Nenda kituo cha afya kikubwa au hospitali, hata usiku, hata Jumapili. Kwa aliyebakwa, usioge kwanza, na matibabu hayapaswi kusubiri fomu ya polisi, fomu itafuata. Ukiwa mwanamke omba pia vidonge vya dharura vya kuzuia mimba.

Ukiwa kisiwani, hesabu vivuko. Anayekaa kambini hadi "kesho kutwa nitakwenda Nansio" anaweza kukuta saa zimeisha.

Hatua ya tano: pima, na jua unapima nini

Watu wakisikia kupima wanafikiria VVU tu. Ukifika dirishani sema hivi: "Sista, natumia sindano. Nimekuja kupima VVU, kaswende, na homa ya ini B na C. Naomba tuongee ndani." Sentensi hiyo nimewafundisha wengi, na wengi wanaisema kwa kunong'ona, haidhuru. Ukificha kwamba unajidunga, hakuna atakayekumbuka homa ya ini.

Sitadanganya kwamba utapokelewa vizuri kila mahali. Kituo kimoja niliwahi kusikia, "Mateja wakae upande ule," ukumbi mzima ukageuka. Niliondoka, nikarudi kupima baada ya miezi saba. Hiyo miezi saba ndiyo inayoniuma, siyo maneno yale. Siku hizi nasindikiza watu; ukiweza, tafuta mwelimishaji rika akupeleke kwa mhudumu anayemfahamu.

Kipimo cha haraka cha VVU hakioni maambukizi ya wiki iliyopita. Pima leo, kisha rudia baada ya miezi mitatu. Kama foleni ndiyo tatizo, uliza kipimo cha kujipima mwenyewe. Kile cha mate hakihitaji tone la damu. Sheria ilibadilishwa mwaka 2019, na tangu hapo kujipima kumeruhusiwa na umri wa kupima bila idhini ya mzazi umeshuka hadi miaka 15. Hilo nawaambia hasa vijana wa mitaani wanaovuta gundi, ambao huambiwa "kamlete mama" wakati mama hayupo. Kipimo cha kujipima kikionyesha maambukizi, siyo jibu la mwisho, kinathibitishwa kituoni.

Homa ya ini B ina chanjo, dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Homa ya ini C haina chanjo lakini inapona kabisa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12. Wengi kijiweni wanadhani ni kinyume chake.

Kwa wavuvi: mpange upimaji siku za mbalamwezi, asubuhi ya kwanza, kabla hela haijaisha. Wakati wa giza hakuna atakayeacha mtumbwi kwa ajili ya kliniki.

Hatua ya sita: jikague kwa macho, usisubiri maumivu

Hapa ndipo ningependa ukae. Unga ni dawa ya maumivu, na anayeutumia hasikii mwili wake unavyopiga kelele. Kidonda cha kaswende chenyewe hakiumi hata kwa asiyetumia chochote; kinakuja, kinakauka chenyewe baada ya wiki chache, unamshukuru Mungu, kumbe ugonjwa umeingia ndani. Basi weka siku moja kwa wiki. Kioo kidogo cha kunyolea, mwanga wa mchana, mlango umefungwa. Tazama uume, magovi, korodani, uke, sehemu ya haja kubwa, mdomo. Unatafuta kidonda, usaha, malengelenge, vinyama, uchafu uliobadilika rangi au harufu.

Halafu papasa kinena. Mitoki inawachanganya sana wanaojidunga mapajani. Uvimbe wa kinena unaweza kuwa jipu la sindano, unaweza kuwa tezi zilizovimba kwa magonjwa ya zinaa kama pangusa au kaswende, na unaweza kuwa mshipa wenye tatizo kubwa zaidi, hasa ukiusikia unadunda. Usiutumbue. Usichome karibu nao. Mwonyeshe mtaalamu, umwambie na sehemu unayochomea.

Najua njia ya mkato: unapita duka la dawa, unaomba "za kisonono", unapewa vidonge viwili vya rangi. Dawa zilizokuwa zinaua kisonono miaka ya nyuma nyingine haziwezi tena, hasa sipro. Unamaliza dalili, hukumaliza ugonjwa, na mwenzako hajatibiwa. Kaswende inatibiwa kwa sindano ya penisilini matakoni. Vidonge ulivyogawana na rafiki havitoshi.

Mkoa huu una historia yake katika jambo hili. Kati ya 1991 na 1994, watafiti walifanya kazi katika jamii 12 za mkoa wa Mwanza, nusu yake zikiboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za kawaida: wahudumu walifundishwa, dawa zikawepo, wagonjwa wakatibiwa walipokuja na dalili. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takribani asilimia 40 ukilinganisha na jamii nyingine. Kidonda au usaha ni mlango wazi kwa VVU. Ukiuziba mapema, wengi wanabaki nje. Huko Rakai, Uganda, walijaribu kugawa dawa kwa watu wote kwa awamu, hawakupata punguzo hilo. Wanasayansi wamebishana kwa nini. Mimi nachukua la hapa nyumbani: dalili ikitokea, nenda wiki hiyohiyo.

Akina mama wenye maumivu chini ya kitovu, damu baada ya tendo, au uchafu usioisha licha ya dawa, mkumbusheni mhudumu kuhusu kichocho, hasa kama umekulia kwenye malambo na majaruba ya mpunga kabla ya kuja mjini. Kile cha mkojo huacha vidonda kwenye uke na mlango wa kizazi, vinavyofanana na magonjwa ya zinaa. Wamesingiziwa umalaya wengi kwa ajili ya minyoo.

Na hedhi: unga huweza kuisimamisha miezi mingi. Haina maana huwezi kushika mimba. Wengi walijua wana mimba tumbo likiwa limeshaonekana. Ukigundua, usikatishe unga ghafla kwa hofu, ni hatari kwa mimba. Nenda kliniki ya wajawazito useme ukweli, methadoni hutolewa hata kwa mjamzito, na VVU, kaswende na homa ya ini B zinapimwa hapo.

Hatua ya saba: methadoni, ARV na TB zikikutana

Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011. Kwa Mwanza kliniki ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure. Ni bure, inanywewa mbele ya mhudumu, kila siku. Kwa upande wa ngono faida yake ni ya moja kwa moja: asiyeamka na arosto hana sababu ya kukubali mteja asiyetaka mpira.

Mwambie daktari dawa zako zote. Nilipoanza dawa za TB, wiki ya pili niliamka na miayo, kamasi na jasho, arosto kamili niliyokuwa nimeisahau. Nikadhani wananichanganyia maji. Kumbe rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, huifanya methadoni iishe mwilini upesi. Waliniongezea dozi, nikatulia. Baadhi ya ARV za zamani hufanya hivyohivyo. Wengi hukimbilia kete wiki hiyo, wakidhani tiba imeshindwa.

Ukiwa na VVU na ARV zikavifubaza hadi visionekane kwenye kipimo, humwambukizi mwenza kwa ngono. Hilo limethibitishwa. Lakini ni kwa ngono. Kwa bomba la kuchangia hakuna uhakika huo, na homa ya ini C haihusiki kabisa na ARV.

Hatua ya nane: kambi ikihama

Dagaa wakipotea, kambi inahama, na dawa zinabaki kliniki ya zamani. Kabla ya kuondoka omba ARV za miezi kadhaa pamoja na barua ya uhamisho. Methadoni ni ngumu zaidi: haiendi kisiwani nawe kirahisi, na hapo kila mtu ana uamuzi wake mgumu kati ya mtumbwi na dozi. Mimi niliacha mtumbwi, nikawa nabeba ndoo za samaki Kirumba hadi nilipopata kazi hii. Wapo waliofanya kinyume. Kwa hao, kimfuko kile cha hatua ya kwanza kijazwe mara tatu kabla ya kupanda kivuko, kadi ya kliniki ifungwe kwenye nailoni pamoja na kiberiti, na mabomba yaliyotumika yawekwe ndani ya chupa ya maji yenye kifuniko, siyo mchangani watoto wanapopara samaki.